Gia ya mlima: jinsi baiskeli ya mashindano ilivyojifunza kupanda

Goma, Kivu ya Kaskazini – Anayeijua barabara ya kutoka Sake kwenda Goma anaijua chukudu. Ni miti ya mkaratusi iliyochongwa, magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu, na kijana aliyepiga goti moja juu ya ubao. Hushuka kutoka milima ya Masisi ikiwa na mamia ya kilo za viazi, kabichi, makala au mbao. Mjini Goma imejengewa sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Pamoja na heshima hiyo yote, chukudu ina udhaifu mmoja ambao kila mwenye nayo anaujua: haipandi mlima. Ikifika kwenye mwinuko, mwenyewe hushuka na kusukuma, mara nyingi akisaidiwa na wenzake.

Baiskeli, ile ambayo wengi katika Kivu huiita kinga au velo, ina pedali na mnyororo, kwa hiyo ingetazamiwa kufanya vizuri zaidi. Hata hivyo kwenye milima ya mashariki mwa Kongo nayo husukumwa zaidi kuliko inavyoendeshwa. Familia iliyokimbia vita ikabaki na baiskeli moja tu inafahamu uzito wa jambo hilo. Bidoni tatu za lita 20 ni kilo 60 za maji. Mfuko wa makala, mgonjwa wa kupelekwa kituo cha afya, mtoto na blanketi zake, vyote hupanda juu ya chuma kilekile. Kama chuma hicho hakiwezi kupanda mlima na mzigo, kimebaki kuwa mkokoteni.

Miongoni mwa baiskeli za okazi, yaani mitumba, zinazoingia Afrika kutoka Ulaya, huwamo pia baiskeli za mashindano. Ni nyembamba, nyepesi, na usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume. Zina gia kumi, kumi na mbili au zaidi. Mnunuzi huona gia nyingi akafikiri amepata chombo cha milimani. Kwenye mlima wa kwanza hugundua kwamba gia zote ni nzito, hata ile iliyo nyepesi kuliko zote. Kosa hapo si la fundi wala la mnunuzi. Sababu yake iko katika historia, katika ubishi uliodumu zaidi ya miaka 100 kati ya waliosema kwamba kurahisisha kazi ya mguu ni aibu na waliosema kwamba mlima haujali fahari ya mtu.

Kuhesabu meno

Kwanza, gia yenyewe. Mbele, penye pedali, kuna gurudumu la meno. Nyuma kuna jingine. Mnyororo unayaunganisha. Kama mbele kuna meno 52 na nyuma 13, basi pedali zikizunguka mara moja, tairi la nyuma linazunguka mara 4. Tairi la baiskeli ya mashindano lina mzunguko wa mita 2.1 hivi, kwa hiyo kila mzunguko mmoja wa miguu unamsogeza mtu zaidi ya mita 8. Hiyo ni gia nzito, ya barabara tambarare au ya kushuka.

Mbele pakiwa na meno 42 na nyuma 21, mzunguko mmoja wa miguu ni mita 4.2. Mbele pakiwa na 34 na nyuma 34, ni mita 2.1 tu. Hiyo ndiyo gia nyepesi. Haipunguzi kazi yote ya kupanda mlima, bali inaigawa. Mfuko wa kilo 100 ambao mtu mmoja hawezi kuuinua anaweza kuuhamisha kwa ndoo, ndoo moja baada ya nyingine. Jioni mfuko mzima umehama, na mgongo wake umebaki salama. Mwenye gia nyepesi anafanya vivyo hivyo na mlima: anazungusha miguu mara nyingi zaidi, lakini kila mzunguko unabeba sehemu ndogo ya uzito.

Mashine isiyo na mnyororo

Baiskeli ya kwanza haikuwa na gia yoyote. Mwaka 1817, katika mji wa Mannheim, Ujerumani, Karl Drais alitengeneza mashine ya mbao yenye magurudumu mawili, isiyo na pedali. Mtu aliikalia na kusukuma ardhi kwa miguu yake. Mtu wa Kivu angeitambua mara moja kuwa ndugu wa chukudu.

Katika miaka ya 1860, huko Ufaransa, pedali ziliwekwa kwenye gurudumu la mbele. Hapo ukubwa wa gurudumu ndio uliokuwa gia yenyewe. Ili mtu aende haraka, alihitaji gurudumu kubwa zaidi. Kufikia miaka ya 1870 Waingereza walikuwa wanaendesha baiskeli zenye gurudumu la mbele lenye kimo cha mita moja na nusu, na aliyeanguka kutoka juu hapo aliumia vibaya. Kubadili gia kulimaanisha kununua baiskeli nyingine, na urefu wa mguu wa mtu ndio uliokuwa mpaka.

Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli aliyoiita Rover. Ilikuwa na magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Tangu hapo gia haikutegemea tena urefu wa mguu. Ilitegemea hesabu ya meno, na meno hubadilishwa kwa spana. Kila fundi anayebadili gia leo anafanya kazi juu ya umbo hilo la 1885.

Kongo nayo iliingia katika historia hiyo mapema, na kwa njia chungu. Mwaka huohuo wa 1885 ndio mfalme Léopold II wa Ubelgiji alipotambuliwa kuwa mwenye Dola Huru ya Kongo. Miaka mitatu baadaye, 1888, John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo mjini Belfast. Magurudumu madogo ya Rover yalikuwa yanatikisa mifupa. Tairi la upepo liliondoa mtikiso huo, na katika miaka ya 1890 baiskeli zikawa homa katika Ulaya na Marekani. Homa hiyo ilitaka mpira. Sehemu ya mpira huo ilitoka kwenye mitambaa ya misitu ya Kongo, ikikamwa na watu waliolazimishwa kwa bunduki, kwa viboko na kwa kuchukuliwa mateka wake zao. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 ilieleza mikono iliyokatwa na vijiji vilivyohamwa. Mwaka 1908 Ubelgiji ilimnyang'anya Léopold nchi hiyo. Watu wa Kongo walikuwa wameshalipa bei ya baiskeli muda mrefu kabla baiskeli haijawa chombo cha kawaida vijijini mwao.

Mfanyabiashara wa Saint-Étienne

Wakati Ulaya ilikuwa inafurahia tairi la upepo, watu wa sehemu za milima waligundua jambo ambalo watu wa tambarare hawakulijali: gia moja haitoshi. Inayofaa bondeni inaua mlimani, na inayofaa mlimani humfanya mtu azungushe miguu bure bondeni.

Aliyelisema jambo hilo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853. Alikuwa mfanyabiashara wa hariri, kisha akafungua duka la baiskeli mjini Saint-Étienne, Ufaransa, mji wa viwanda uliozungukwa na milima. Mwaka 1887 alianzisha jarida la waendesha baiskeli, na wasomaji wake walimjua kwa jina la Vélocio. Kusini mwa mji huo kuna barabara inayopanda hadi kwenye mlango wa mlima wenye kimo cha mita 1,161, na hapo ndipo alipojaribia baiskeli zake. Alianza na magurudumu mawili ya meno, mnyororo ukihamishwa kwa mkono. Baadaye mafundi wa mji huo walibuni vyombo vya kuhamisha mnyororo wakati mtu anaendelea kuendesha. Chombo cha namna hiyo kwa Kifaransa ni derayera, kwa maana kinautoa mnyororo kwenye njia yake na kuutia kwenye nyingine.

Hoja ya Vélocio haikuwa ya mbio. Aliandika kwa ajili ya mtu wa kawaida, mzee au kijana, anayetaka kusafiri mbali na mizigo yake na kufika bila kuugua. Alifariki mwaka 1930 baada ya kugongwa na tramu katika mji wake, akiwa anatembea kwa miguu. Kufikia wakati huo mamia ya watu walikuwa wanapanda mlima ule kila mwaka kwa heshima yake.

Nchini Uingereza jibu lilikuwa tofauti. Kuanzia mwaka 1902, kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham iliuza gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, mbali na matope na mvua. Watu wa kazi za kila siku walizipenda. Kwa hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 tatizo la mlima lilikuwa limeshapata majibu mawili. Walioyakataa ni wenye mashindano.

Aibu ya gia nyepesi

Henri Desgrange alikuwa mwendesha baiskeli mashuhuri, kisha mhariri wa gazeti la L'Auto mjini Paris. Mwaka 1902 chama cha watalii cha Ufaransa kilifanya majaribio ya baiskeli kwenye milima ya Pyrenees. Mwanamke mmoja, Marthe Hesse, aliendesha baiskeli yenye gia tatu na akasifiwa kwa jinsi alivyopanda. Desgrange hakushawishika. Aliandika kwamba gia za kubadilisha ni za watu waliopita umri wa miaka 45, na kwamba ni bora kushinda kwa nguvu ya misuli kuliko kwa ujanja wa chombo.

Mwaka uliofuata, 1903, gazeti lake lilianzisha mashindano ya Tour de France, na mawazo yake yakawa sheria. Mwaka 1910 mashindano yalipelekwa kwa mara ya kwanza kwenye milima mirefu ya Pyrenees, kwenye barabara za mawe na vumbi. Octave Lapize, ambaye hatimaye ndiye aliyeshinda mwaka huo, alionekana akisukuma baiskeli yake kwa miguu, na akawaita waandalizi wauaji. Mabingwa wa dunia walikuwa wanasukuma baiskeli mlimani kama mwanamke wa Kalehe anayetoka sokoni, kwa sababu ileile: gia.

Kwa miaka mingi washindani waliruhusiwa njia moja tu. Gurudumu la nyuma lilikuwa na meno pande zote mbili, machache upande mmoja na mengi upande wa pili. Chini ya mlima mtu alisimama, akafungua nati, akaligeuza gurudumu, akafunga tena. Inasimuliwa kwamba mwaka 1927 Mwitaliano Tullio Campagnolo alishindwa kufungua nati hizo kwenye mlima wenye theluji kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimeganda, na kwamba hapo ndipo alipowaza kishikio cha kufungulia gurudumu kwa mkono mmoja. Kishikio hicho kimo leo kwenye baiskeli nyingi za mitumba, na mafundi wengi hukitumia kila siku bila kujua kwamba kilizaliwa kutokana na shida ya gia.

Desgrange aliacha uongozi wa mashindano mwaka 1936 kwa sababu ya ugonjwa. Mwaka uliofuata, 1937, derayera iliruhusiwa kwa wote, na Roger Lapébie akawa wa kwanza kushinda Tour de France akiitumia. Marufuku ilikuwa imedumu zaidi ya miaka 30. Wakati huo wote, watalii wa Saint-Étienne walikuwa wanapanda milima wakiwa wamekalia baiskeli zao.

Fahari iliyobaki ndani ya chuma

Derayera iliruhusiwa, lakini aibu haikuondoka. Baiskeli za mashindano zilizouzwa kwa watu wa kawaida katika miaka ya 1960, 1970 na 1980 ziliiga za mabingwa. Mbele zilikuwa na magurudumu mawili ya meno, kwa kawaida 52 na 42. Nyuma palikuwa na matano, baadaye sita au saba, ambayo kubwa lake mara nyingi lilikuwa na meno 21, 23 au 24. Hata mikono ya pedali iliyosifika zaidi wakati huo, ya Campagnolo, ilikuwa na matundu ya boliti yaliyokaa mbali kiasi kwamba haikuwezekana kufunga gurudumu lenye meno chini ya 41. Anayetaka gia nyepesi alizuiwa na chuma chenyewe.

Bingwa anayeendesha baiskeli hiyo ana kilo 65 au 70, hana mzigo ila chupa ya maji, na amefanya mazoezi tangu ujana wake. Anayeinunua Bukavu, Butembo au Goma ana mfuko wa unga, barabara ya mawe ya volkano, na mwinuko unaoanzia mlangoni. Baiskeli ni ileile, ila haikutengenezwa kwa kumfikiria yeye.

Tiba ilitoka pande mbili. Japani, mwaka 1964, kampuni ya Maeda, iliyouza bidhaa zake kwa jina la SunTour, ilibuni derayera ya nyuma ambayo mwili wake umelala mshazari, ukifuata mteremko wa magurudumu ya meno. Ilihamisha mnyororo vizuri hata penye meno makubwa, na haikuwa ghali. Hataza yake ilipoisha katikati ya miaka ya 1980, wengine wote waliiga.

Upande wa pili ulikuwa California, Marekani. Katika miaka ya 1970 vijana wa wilaya ya Marin walikuwa wanashuka njia za vumbi kwa baiskeli kuukuu nzito. Kushuka kulikuwa raha, kupanda kulikuwa adhabu. Wakachukua vifaa vya watalii, magurudumu matatu ya meno mbele na makubwa nyuma, wakavifunga kwenye baiskeli zao. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ilianza kuuza baiskeli ya namna hiyo, Stumpjumper, iliyotengenezwa kwa wingi. Baiskeli ya milima ilienea duniani, na pamoja nayo zikaenea gia nyepesi za bei ndogo. Ndiyo maana leo, kwenye lundo la vyuma la fundi wa soko lolote, vipande alivyovitaka Vélocio hupatikana vikiwa na kutu kidogo na uzima mwingi.

Mlima wa Maziwa Makuu

Katika eneo la Maziwa Makuu suala hili halijawahi kuwa la michezo. Huko Burundi, vijana hushuka kutoka milimani kwenda Bujumbura wakiwa na mikungu ya ndizi iliyofungwa juu ya baiskeli za gia moja. Wakati wa kurudi mlima ni mrefu mno kwa gia hiyo, basi hushika nyuma ya malori na kuvutwa. Wengi wamepoteza maisha au viungo hivyo. Anayewaita wajinga hajawahi kuzungusha gia ya mita tano kwenye mwinuko wa saa mbili. Hizo mita tano si maneno tu: baiskeli nyeusi ya mzigo yenye meno 44 mbele na 18 nyuma humsogeza mtu zaidi ya mita 5 kwa kila mzunguko wa miguu. Kisangani, ambako ardhi ni tambarare, gia hiyo imewalisha waendesha toleka, teksi za baiskeli zilizozagaa wakati vita vilipokata njia za mji. Milimani, gia hiyohiyo humgeuza mwendeshaji kuwa msukumaji.

Mwaka 2005 Tom Ritchey, mmoja wa mafundi wa mwanzo wa baiskeli za milima huko California, alitembelea Rwanda. Aliona wakulima wa kahawa na baiskeli zao za mbao. Kahawa iliyochumwa inatakiwa kufika kwenye kituo cha kuosha siku hiyohiyo, la sivyo huanza kuchacha na bei huanguka. Ritchey akabuni baiskeli ndefu ya mzigo, yenye nafasi ya mifuko nyuma na yenye gia nyepesi za mlimani. Mkulima mwenye baiskeli ya namna hiyo aliweza kufikisha mzigo mapema zaidi. Hapo gia ilionekana waziwazi kuwa ni fedha: tofauti kati ya kilo iliyouzwa nzima na kilo iliyoharibika njiani.

Kazi ya fundi

Kuibadili baiskeli kuukuu ya mashindano iwe ya mlimani ni kurudia historia hii yote kwa spana, na kila hatua ina sababu yake.

Hatua ya kwanza, iliyo rahisi kuliko zote, ni nyuma. Baiskeli nyingi za kabla ya miaka ya 1990 zina fungu la magurudumu ya meno linalofunguliwa lote pamoja kwa skrubu. Fungu lenye meno 21 kwenye gurudumu kubwa hutolewa, na lenye 28 hutiwa. Kwa meno 42 mbele, gia inashuka kutoka mita 4.2 hadi mita 3.15. Derayera nyingi fupi za mashindano hukubali meno 24 hadi 28. Kupita hapo, derayera hugusa meno na hatimaye kuvunjika.

Hatua ya pili ni derayera yenyewe. Ile ndefu ya baiskeli ya milima hukubali meno 32 au 34. Kama vishikizo vya gia ni vya zamani, vile visivyolia "tik" kila gia inapobadilika, derayera ya kampuni yoyote itafanya kazi, maana mkono wa mwendeshaji ndio unaopima. Vishikizo vinavyolia vinataka vifaa vinavyopatana.

Hatua ya tatu ni mnyororo, na hapa ndipo uharibifu mwingi hutokea. Meno yakiongezeka, mnyororo wa zamani huwa mfupi. Kipimo cha mafundi ni kuuzungusha kwenye gurudumu kubwa la mbele na kubwa la nyuma bila kuupitisha kwenye derayera, kisha kuongeza pingili mbili. Mnyororo mfupi ukilazimishwa hung'oa derayera, na derayera huingia kwenye spoki. Mtu huanguka na mzigo wake.

Hatua ya nne ni mbele. Mikono ya pedali ya mashindano yenye 52 na 42 hubadilishwa kwa ile ya baiskeli ya milima yenye magurudumu matatu, ambayo dogo lake mara nyingi lina meno 28. Kwa 28 mbele na 34 nyuma, mzunguko mmoja wa miguu ni mita 1.7 hivi. Mtu akizungusha mara 60 kwa dakika anakwenda kilomita 6 kwa saa, kasi inayozidi kidogo ya mtembea kwa miguu. Huo ndio mpaka wenye maana. Chini ya hapo baiskeli huyumba, na ni afadhali kushuka. Fundi aangalie pia urefu wa mhimili wa katikati, mnyororo usije ukakaa upande.

Baiskeli ya gia moja nayo ina dawa yake, tena ya bei ndogo zaidi: kuondoa gurudumu la nyuma la meno 18 na kutia la 22. Mita 5.4 zinashuka hadi 4.4. Bondeni mtu atakwenda polepole kidogo, mlimani atakaa kwenye kiti muda mrefu zaidi.

Lakini baiskeli inayopanda na mzigo lazima ishuke na mzigo. Breki za baiskeli ya mashindano zilikusudiwa mtu mmoja mwembamba. Raba za breki zilizokauka zibadilishwe, na nyaya zilizochakaa pia. Matairi membamba hayafai kwenye mawe ya volkano. Yafungwe mapana kadiri uma na fremu zinavyoruhusu. Spoki zikazwe, na mzigo usipite kiasi, kwa sababu mabomba ya fremu hizo ni mepesi. Gia nyepesi humwezesha mtu kupandisha mlima mzigo ambao breki haziwezi kuuzuia wakati wa kushuka, na wengi hulijua hilo wakiwa wamechelewa.

Ubishi umekwisha

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Wanaume walikimbia kilomita 267.5, wakipanda jumla ya zaidi ya mita 5,000, na Tadej Pogačar wa Slovenia akashinda. Siku hizi hata baiskeli za bei ghali kabisa za mabingwa huuzwa na magurudumu ya nyuma yenye meno 30 au 34. Meno 34 ni yale ambayo zamani yaliitwa ya wazee na ya watalii. Desgrange alishindwa ubishi, ingawa ilichukua muda mrefu.

Hasara ya ubishi huo imebaki kwenye baiskeli zilizotengenezwa wakati fahari ilipokuwa inatawala, ambazo leo zinauzwa kwa bei ndogo kwa watu wenye milima mikali na mizigo mizito kuliko wote. Kwa familia ya kambini, tofauti ya meno machache inaweza kuwa safari mbili za maji badala ya moja kabla ya jua kuzama, au mama mjamzito aliyefika kituo cha afya akiwa amebebwa kwenye baiskeli badala ya kutembea kando yake. Kwa hiyo anayetaka kununua baiskeli ya okazi asiishie kuangalia rangi na jina lililoandikwa kwenye fremu. Ahesabu meno ya gurudumu dogo la mbele na ya kubwa la nyuma. Idadi hizo mbili zikikaribiana, baiskeli itapanda. La mbele likiwa maradufu ya la nyuma, amwulize fundi bei ya fungu jipya la nyuma kabla hajatoa pesa.